Njia Mpya ya Ndege za Kukodi: Pima Kilo Kabla ya Kuhesabu Viti

Kiwanja kinapofunguliwa kwa ndege za kukodi, wamiliki wa kampuni ndogo huuliza kwanza: ndege yangu ina viti 13, nikivijaza nitapata kiasi gani? Hesabu hiyo imeanzia mkiani. Kwa kampuni yenye ndege moja au mbili, njia hulipa au hutia hasara kwa mambo mawili: ndege inaweza kuinua kilo ngapi siku ya joto, na nani analipia safari ya kurudi.

Tuchukue Zanzibar kwenda Seronera, katikati ya Serengeti. Njia hiyo si mpya, ila hesabu yake inafundisha. Umbali ni takriban kilomita 640. Cessna 208B Grand Caravan, ambayo ndiyo punda wa viwanja vya changarawe Afrika Mashariki, huenda karibu kilomita 300 kwa saa, hivyo panga saa 2 na dakika 15. Kwa lita 195 hivi kwa saa, safari inakula lita 440, sawa na kilo 350, maana lita moja ya Jet A-1, mafuta ya ndege hizi, ina uzito wa kama kilo 0.8. Ongeza asilimia 5 ya tahadhari ya njiani, kilo 18. Ongeza mafuta ya kukimbilia kiwanja mbadala: ukichagua Arusha ni dakika kama 45, kilo 120. Ongeza akiba ya mwisho ya dakika 30, kilo 80, ambayo haiguswi katika mpango wowote. Umefika karibu kilo 570.

Sasa mizani. Modeli yenye injini ya PT6A-114A hairuhusiwi kuruka ikizidi kilo 3,969. Ikiwa tupu na viti vyake huwa kama kilo 2,300. Tumia karatasi ya mizani ya ndege yako mwenyewe, kwa sababu rangi, redio na marekebisho ya miaka hufanya ndege mbili za aina moja zisilingane. Marubani wawili na mikoba yao ni kilo 170. Ukitoa yote hayo pamoja na mafuta zinabaki kilo 929. Abiria wa kilo 80 mwenye begi laini la kilo 15 ni kilo 95. Hapo umepata abiria 9, na viti 4 vinasafiri vitupu hata kama wateja wamejaa mlangoni.

Kama huko uendako hakuna mafuta, lazima ubebe na ya kurudia. Matangi yanatosha, yana nafasi ya lita 1,268 hivi, lakini kilo 350 za ziada zinakuacha na 579, yaani abiria 6. Kwa hiyo kabla ya kutaja bei, ulizia mafuta: yapo, yanauzwa na nani, yanahifadhiwa kwenye tangi au kwenye mapipa? Pipa la lita 200 lililosimamishwa wima mvuani hukusanya maji juu yake na kuyavuta kupitia kizibo kila usiku linapopoa. Chota sampuli kutoka chini kabisa, iache itulie, angalia kama kuna matone ya maji au uchafu, kisha pitisha mafuta kwenye kichujio. Kazi hiyo ikifanywa vizuri huchukua muda, na muda huo uingie kwenye ratiba.

Mwinuko nao hudai haki yake. Seronera iko mita 1,550 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa mwinuko huo joto la kawaida linalotumika kama kipimo cha utendaji wa ndege ni nyuzi 5. Ikiwa saa saba mchana ni nyuzi 27, kila nyuzi ya ziada ni kama kuongeza mita 36. Ndege inaruka kana kwamba iko karibu mita 2,350. Bawa linapata hewa nyepesi, propela vilevile, injini inafikia kikomo cha joto mapema, na ndege inahitaji barabara ndefu zaidi ya kurukia. Rubani aliyezoea Zanzibar usawa wa bahari asitegemee macho. Afungue majedwali ya utendaji kwa joto la saa ile, aongeze pia athari ya changarawe au tope. Tunashauri kuondoka huko kupangwe asubuhi. Changarawe yenyewe hula propela: usipandishe nguvu kamili ndege ikiwa imesimama juu ya mawe, acha ianze kusogea kwanza, na kagua ncha za propela kila baada ya kutua.

Kuhusu kurudi, hesabu iko wazi. Kwenda na kurudi ni saa 4 na nusu. Mteja anayekwenda tu analipia saa 2 na robo, lakini mafuta, marubani na injini vinahesabu zote. Injini ya PT6A-114A ina ukaguzi wa sehemu ya moto, yaani pale mafuta yanapoungulia na turbini, kila saa 1,800 na matengenezo makubwa kila saa 3,600. Kila saa inayoruka tupu inakula saa hizo za injini bila kuingiza chochote. Bei ya safari ya upande mmoja iwe karibu na ya pande zote mbili, au uwe na mkataba na kampuni ya utalii inayokupa watu wa kurudi siku hiyohiyo. Kampuni za utalii hupanga bei zao msimu mmoja kabla. Ukiwafuata mwezi Juni kwa ajili ya Julai, umechelewa.

Leseni ya kukodi ni ya kuuza ndege nzima kwa mteja. Anayeuza kiti kimoja kimoja kwa saa zilezile kila Jumatatu anaendesha safari za ratiba, na hiyo ni leseni nyingine. Njia inayovuka mpaka ina kikwazo kingine: Mkataba wa Chicago wa 1944 kuhusu usafiri wa anga wa kimataifa, ibara ya 10, unairuhusu nchi kuitaka ndege inayotoka nje itue kwanza kwenye kiwanja chenye forodha. Ndiyo sababu watalii wa Maasai Mara huruka hadi Migori, Kenya, huvuka mpaka wa Isebania na Sirari kwa gari, kisha hupanda ndege nyingine Tarime, Tanzania, kwenda Serengeti, ingawa mbuga hizo mbili zimegusana.

Mwezi wa kupimia njia ni Aprili. Mvua za masika hulainisha viwanja na kambi kadhaa hufungwa. Julai hadi Oktoba, nyumbu wakiwa upande wa Mto Mara, hata njia mbovu huonekana nzuri.

Mkataba wa kwanza uandike mambo haya kwa maneno yasiyo na mzunguko: abiria wapimwe kwa mizani pamoja na mabegi; saa ngapi za kusubiri zimo kwenye bei; na kiwanja kikifungwa kwa tope, nani analipia kugeukia Arusha na gari la kuwafikisha abiria kambini.