Ukopeshaji wa uhusiano si kujikopesha

Ikitajwa benki iliyoshikana na kiwanda, hakosi mtu wa kusema huo ndio ukopeshaji wa uhusiano, ulioijenga Ujerumani. Mara nyingi sio.

Ukopeshaji wa uhusiano ni benki kukaa na kampuni ileile miaka mingi, kuijua undani wake, na kuikopesha kwa kutegemea ujuzi huo kuliko dhamana pekee. Kinachochanganywa nao ni mikopo kwa wahusika: mwenye viwanda ndiye mwenye benki, na benki inamkopesha. Swali la kuvitenganisha ni moja: nani anakaa kwenye bodi ya nani?

Ujerumani, mwishoni mwa karne ya 19, mambo yalianzia kwenye akaunti ya biashara yenye ovadrafti, yaani ruhusa ya kutoa zaidi ya kilichomo. Mauzo, mishahara na malipo ya malighafi yalipita humo, kwa hiyo benki iliona mapato yakipungua kabla hesabu za mwaka hazijafungwa. Kampuni ikikua, benki hiyohiyo iliuza hisa za kampuni kwa umma, fedha zikapunguza deni, na mtu wa benki akaingia kwenye bodi ya usimamizi. Tena wateja walioweka hisa zao benki waliiachia iwapigie kura, hivyo sauti yake mkutanoni ilizidi hisa ilizomiliki yenyewe. Mannesmann, watengenezaji wa mabomba ya chuma yasiyo na mshono, iliundwa 1890 kwa ushiriki wa Deutsche Bank. Uzalishaji ukasumbua kwa miaka, lakini benki haikukimbia. (Mwanahistoria wa uchumi Alexander Gerschenkron aliona benki za namna hii ndizo zilizozisukuma nchi zilizochelewa kujenga viwanda. Baadaye wanahistoria wamepunguza sifa hizo: faida iliyorudishwa kwenye biashara nayo ilifanya kazi kubwa.)

Sasa Chile. Miaka ya 1970 benki za serikali ziliuzwa, na nyingi zikaangukia mikononi mwa makundi ya wafanyabiashara, ambayo yalizitumia kukopesha kampuni zao wenyewe. Ofisa mikopo angemkataliaje mwajiri wake? Peso iliposhushwa thamani mwaka 1982, waliokopa kwa dola walielemewa, na Januari 1983 serikali ikalazimika kuingilia kati benki kadhaa, zikiwemo kubwa kabisa. Hapo benki haikuwa msimamizi wa kiwanda. Ilikuwa mfuko wake.

Uhusiano wa kweli nao huharibika. Japani, miaka ya 1990, benki ziliendelea kuzibeba kampuni zilizokwisha kufilisika kimahesabu: mkopo mpya unalipa riba ya mkopo wa zamani, na hasara haiandikwi vitabuni. Fedha hizo zikawakosa wazalishaji wazuri. Lakini huo ni ugonjwa mwingine, wa msimamizi kushindwa kusema hapana, wala si wa kukosa msimamizi.

Kwa hiyo tajiri akifungua benki ili viwanda vyake vipate mikopo, tusimwambie anafuata njia ya Ujerumani. Aliyoishika ni ya Chile, na orodha ya wakurugenzi wa benki yake itaonyesha hivyo mapema kuliko hesabu za mikopo.