Maji ya Dodoma yana chumvi, sawa, ila sio ya bunju

Tena wiki hii. Mteja kanitumia picha WhatsApp, katangi kadogo ka samaki wa mapambo, ndani bunju wa madoadoa (yule samaki anayejivimbisha), moli, gapi mikia mirefu na mono wadogo, chini kaandika "fundi, maji ya bomba la Dodoma si yana chumvi tayari, mbona wanakufa?" Nimeshajibu hili swali mpaka mate yamenikauka, sasa naliandika hapa, nitakuwa natuma link tu.

Maji yetu ni magumu. Kila mwenye birika anaujua ule ukoko mweupe unaoganda chini, ukiukwangua unatoka vipande kama ganda la yai. Ule kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kaboneti, sio chumvi ya bahari. Bahari ina kama gramu 35 za chumvi kwa lita, haidromita, kile kipimo cha uzito wa maji ambacho maji matupu yanasoma 1.000, inasoma 1.025 hivi. Tangi la chumvichumvi, yaani katikati ya maji baridi na bahari, kwa kawaida ni kuanzia 1.005, yaani gramu kama 9 kwa lita. Kisima chenye gramu moja au mbili utayatema maji yake na kusema haya chumvi tupu, ila bado hujafika hata robo ya anachotaka samaki. Ukienda na vitabu utaambiwa chumvichumvi inaanzia nusu gramu kwa lita, kwa hiyo mteja kitabuni yuko sahihi, na hicho ndicho kinaniudhi zaidi maana bunju hajasoma hicho kitabu.

Halafu wapo wa "mbona ziwa la Singida lina chumvi na perege wanaishi?" Ndugu yangu, yule perege, Oreochromis amphimelas, yupo pia Manyara na Eyasi, amezoea maji ya magadi. Magadi na bahari ni vitu viwili tofauti, usinichanganyie. Na samaki wa ziwa Tanganyika na Nyasa wanapenda maji magumu lakini chumvi hawaihitaji, kwa hiyo kama hela ya chumvi huna fuga hao, watu wengi hapa mjini wangeokoa hela na roho za viumbe.

Chumvi yenyewe: ya Uvinza ni nzuri kwenye mlenda, tangini hapana, ni sodiamu kloridi karibu yote, madini mengine ya bahari hayamo. "Basi nitaleta ya Bagamoyo, si inatoka baharini?" Inatoka baharini ndiyo, ila inapoganda kwenye mashamba ya chumvi magnesiamu nyingi inabaki kwenye yale maji machungu yanayomwagwa. Nunua chumvi ya akwariamu ya baharini, agiza Dar, basi. Na upandishe polepole, 0.002 kwenye haidromita kwa wiki inatosha, bakteria wa filta wanaosafisha maji nao wanahitaji muda.

Sasa kukaa pamoja. Usiulize kwanza nani anapendeza na nani, uliza kila mmoja anataka chumvi kiasi gani akiwa mkubwa. Bunju wa namba nane (mwenye alama kama 8 mgongoni), gobi nyuki na moli wanakaa kwenye chumvi ndogo, 1.005 hivi. Mono, skati na bunju wa madoadoa wakikua wanataka kupanda kuelekea bahari kabisa. Dukani mono ana ukubwa wa sarafu, akikua anapita sentimita 20, na anataka kundi, akiwa peke yake anakuwa mwoga anagongagonga kioo, kwa hiyo ile lita 80 isahau. Skati ndo kabisa, anakula chochote kinachoingia mdomoni, ukimwekea gobi nyuki umemwekea chakula. Gapi na bunju hata sijadili, bunju anang'ata mapezi na ule mkia ni mwaliko.

Ambapo sina jibu safi ni bunju wa namba nane na moli. Kuna matangi wanaishi vizuri tu, kuna mengine wametulia miezi halafu usiku mmoja moli wote hawana mapezi, chakula kile kile, chumvi ile ile. Nadhani ni tabia ya bunju mwenyewe. Gobi nyuki nao, aina nyingine porini zinaishi maji baridi kabisa, yasiyo na chumvi, na dukani huwezi kuzitofautisha kwa macho, mimi nawapa chumvi kidogo maana naona wanakula vizuri zaidi, ila siwezi kuapa.

Mwisho, upepo wetu wa Julai na Agosti. Maji yanakauka, chumvi haikauki, kwa hiyo tangi linazidi kuwa kali bila wewe kugusa kitu. Piga mstari wa maka pen kwenye kioo, yakishuka ongeza maji ya mvua uliyokinga au yaliyochujwa madini. Ya bomba yanaongeza ugumu kila ukijaza. Maji yenye chumvi ni ya siku ya kubadilisha maji tu.