Panya Anapika Pilau, Mzazi Anauliza Herufi

Ijumaa mama mmoja alinirudishia kitabu getini, amekishika kwa ncha za vidole kama maziwa yaliyochacha. "Mwalimu, mwanangu anacheka tu. Nipatie cha kusoma." Ni mzazi wa tatu muhula huu. Kitabu chenyewe ni cha alfabeti: kila ukurasa herufi moja na mnyama mwenye kituko chake. Huu ni mwaka wangu wa 16 darasa la awali, nami nimechoka kulieleza jambo hili mmojammoja.

Wazazi wanaamini kicheko ni mchezo na herufi ni kazi. Basi usiku, kabla ya kulala, mtoto anakalishwa anaulizwa: hii nini? Na hii? Jana si nilikwambia?

Sasa mtazame huyo anayecheka. Ili panya anayepika pilau amchekeshe, lazima amjue panya, aijue pilau, na ajue kwamba panya jikoni huja kuiba, hapiki. Juu ya hayo sikio lake linanasa pa, pi, pi: sauti ileile ndani ya kila neno. Hiyo ndiyo ninayoihitaji mimi asubuhi nikiandika p ubaoni. Tembo anatwanga tangawizi. Fisi anafua fulana. Aliyeyasikia haya hadi akayakariri, nikimwonyesha f anapaza sauti, "Ya fisi!"

Yule wa maswali ya kila usiku huja na kitu kingine kabisa: ameyajua majina ya herufi. Namwandikia "mama", ananisomea "em, ei, em, ei", kisha ananyamaza. Atafanyaje? Majina hayo manne ukiyaunganisha mpaka alfajiri hayakupi mama. Kiswahili kilishatuhurumia. Irabu tano, kila moja na sauti yake, na m ikikutana na a ni ma popote utakapozikuta. Mtoto aliyezishika sauti huziweza silabi upesi. Sisi tunampeleka kwa njia ya mzunguko, tena tunamwita mzito.

Halafu kuna hasara ninayoiona kwa macho. Mtoto aliyezoea mtihani kitandani, nikifungua kitabu haangalii picha. Ananiangalia mimi usoni, anatafuta jibu.

Dawa yangu ni moja na wazazi huniona kama natania: wewe ndiye ukosee. Soma "panya anapika ugali", uso umeukaza. Atakurukia: "Siyo! Pilau!" Amesikiliza, ameikagua picha, amekusahihisha, na hujamuuliza swali hata moja. (Baba mmoja alizidisha makosa hadi mwanawe akamshauri arudi shule. Bora hivyo.)

Mengine hayanichukui muda.

"Ng'ombe kavaa miwani, mtoto si ataamini?" Angeamini asingecheka.

"Anataka kilekile kila siku." Mpe kilekile. Aliyechoka ni wewe.

"Akicheka usiku hatalala." Atalala. Chekeni, kisha kurasa za mwisho uzisome polepole, kwa sauti ya chini.

"Mimi mwenyewe kusoma kunanishinda." Picha haziulizi cheti. Sema unachokiona. Bibi zetu walitega vitendawili gizani bila karatasi, na masikio yetu yalinolewa hukohuko.

"Simu inamfundisha." Simu haimsubiri amalize kucheka, wala haijui kwamba kwenu panya alionekana jana nyuma ya ndoo ya unga. Na mwanga wake unamfukuzia usingizi uleule unaoutafuta.

Lakini kuna dhana moja ninayoisikia hata kwa walimu wenzangu: kwamba kitabu chochote cha alfabeti kinafaa. Hapana. Vingi ni vya Kiingereza vilivyovalishwa kanga. Utakuta ukurasa wa Q na wa X, herufi ambazo alfabeti yetu haina, na C imesimama peke yake bila h yake. Utakuta "M ya mtoto", wakati m hiyo ni silabi nzima, m-to-to. Anayeanza mpe maji, au mama. Na "N ya ng'ombe" ndiyo inayonipandisha presha. Ng' ni sauti nyingine, haihusiani na n ya nanasi, na mtoto mwenye sikio zuri ndiye anayechanganyikiwa zaidi, kwa sababu amesikia sawasawa.

Ukikutana na ukurasa huo usimfichie. Mwambie kitabu kimekosea, mkisahihishe pamoja. Chukueni penseli mmchoree ng'ombe koti jeupe na koleo, na mgonjwa mbele yake kaachama: ng'ombe anamng'oa fisi jino. Darasani kwangu huo ndio ukurasa unaochakaa kabla ya mingine yote.