Thou halikuwa neno la heshima
Kwa kuwa thou, neno la zamani la Kiingereza, limejaa katika Biblia ya Kiingereza ya 1611, wengi hudhani lilikuwa neno la kumtukuza Mungu. Sivyo. Maana yake ilikuwa "wewe", mtu mmoja. Ye na you yalikuwa ya wengi. Kuanzia karne ya 13, kwa kuiga Kifaransa, wakubwa wakasemeshwa kwa neno la wengi hata akiwa mmoja, thou likabakia la watoto, watumishi na wasiri. Mwaka 1603 mwendesha mashtaka Edward Coke alimtupia mshtakiwa wa uhaini, Walter Raleigh, neno hilo mahakamani, makusudi, kumdhalilisha. Utukufu lilipewa baadaye, lilipofifia mitaani likabaki kanisani. Na katika Biblia hiyohiyo, Ayubu 1:7, Mungu anamwita nani thou? Shetani.