Je, wajua kwa nini okidi, mmea wa maua ya mapambo, haipandwi kwenye udongo wa kawaida?

Okidi nyingi zinazopandwa majumbani, kama vile Phalaenopsis, Cattleya, Dendrobium na Vanda, huko porini hazioti ardhini bali juu ya miti. Mizizi yake hung'ang'ania gome, hulowa mvua ikinyesha, kisha upepo huikausha. Imevikwa velameni, tabaka la seli zilizokufa linalofyonza maji haraka kama sifongo. Tabaka hilo likikauka huwa jeupe la kung'aa. Likilowa, ukijani wa ndani huonekana. Mizizi ya namna hiyo ukiifukia kwenye udongo wa bustani, punje ndogo huziba mianya yote, oksijeni hukosekana, na uozo hufuata.

Kwa hiyo unapochagua cha kupandia, usianze na rutuba. Mbolea utaitia kwenye maji. Jiulize: nikishamwagilia, hewa kiasi gani itabaki humo, na patakauka baada ya siku ngapi?

Kinachotumika zaidi ni magome ya msonobari yaliyokatwakatwa, na hapo ukubwa wa vipande ndio unaoamua mambo. Miche na okidi zenye mizizi myembamba, kama Oncidium, hutaka vipande vya milimita 3 hadi 6. Phalaenopsis na Cattleya zilizokomaa hufaa milimita 10 hadi 15. Mchanganyiko mzuri wa kuanzia ni sehemu 5 za magome, sehemu 1 ya mkaa wa kuni na sehemu 1 ya perlaiti, zile chembe nyeupe nyepesi za mwamba wa volkano uliochomwa ukavimba. Mkaa uliosagwa na kubanwa kwa gundi usiutumie. Magome mapya hukataa maji, hivyo yaloweke usiku kucha kabla ya kupanda. Chekecha vumbi pia, maana vumbi hushuka chini ya chungu na kugeuka tope.

Makumbi ya nazi yaliyokatwa vipande hushika maji kuliko magome, ila mara nyingi huja na chumvi inayounguza ncha za mizizi. Yaloweke saa 24, ukibadilisha maji mara mbili au tatu.

Sfagnamu, mmea laini wa kinamasi uliokaushwa, hunywa maji mengi mno. Inamfaa asahauye kumwagilia au anayeishi penye hewa kavu; mwenye mkono mwepesi wa kumwaga maji aiache. Kosa kubwa ni kuishindilia. Ukiibonyeza, inapaswa kunepa na kurudi.

Si kila okidi ni ya mtini. Paphiopedilum nyingi huota ardhini, kwenye majani yaliyooza, nazo hupenda unyevu usiokatika: sehemu 4 za magome madogo kwa 1 ya perlaiti zinatosha. Vanda ni kinyume kabisa. Kikapu kitupu kinaitosha, mradi uimwagilie kila siku.

Chungu nacho kina neno lake. Cha udongo hupitisha hewa ubavuni na kukauka mapema, cha plastiki hukawia. Ukihama kutoka kimoja hadi kingine, badili na ratiba ya maji. Kokoto chini ya chungu hazisaidii chochote, kwani maji hutuama palepale juu yake.

Magome huoza baada ya miezi 18 hadi 24 hivi, yakawa laini na meusi, na mianya ikajifunga. Majani yakinywea, wengi huongeza maji, kumbe mizizi imeshaoza na haiwezi kunywa. Itoe okidi chunguni uikague: mzizi mzima ni mgumu, uliooza hubonyea na ganda lake huvuka, ukabaki uzi katikati. Kata iliyooza kwa mkasi uliopitishwa motoni, kisha pandikiza kwenye mchanganyiko mpya, katika chungu kinachoenea mizizi iliyobaki tu. Kikubwa zaidi ya hapo hukaa na maji yasiyo na wa kuyanywa.