Si kila kidonge cha kutuliza ni bugizi

Mwaka nilioanza kumeza dawa za wasiwasi, nilizificha ndani ya kopo la hiliki. Kwetu Majengo, Mombasa, mtu akikuona na vidonge vya sukari au vya presha atakuuliza kama umeshakula, usije ukameza na tumbo tupu. Akisikia ni vya wasiwasi, anateremsha sauti na kumuuliza mamako kama umeshasomewa Qurani.

Dhana ninayoisikia kuliko zote ni hii: "Ukianza hutoki, utakuwa teja." Siwalaumu wanaoisema. Mji huu umezika vijana kwa unga, na bugizi, vile vidonge vya kulewesha, tunaijua. Lakini bugizi ni dawa ya usingizi ya jamii moja na diazepamu. Jamii hiyo hutuliza upesi, na mwili unaweza kuizoea kwa wiki chache tu. Daktari makini akiitoa, huitoa kwa muda mfupi. Kwa wasiwasi wa muda mrefu, zinazoandikwa kwanza mara nyingi ni kama sertralini na fluoksetini, na hizo ni ukoo mwingine kabisa. Hazileweshi, wala huamki na uchu wa kuongeza kidonge cha pili.

Kinachochanganya watu ni kwamba ukiziacha ghafla unaweza kupata kizunguzungu, usingizi ukapaa, hata ukahisi kama umepigwa shoti kichwani. Hiyo si arosto, ile hali ya teja aliyekosa unga. Mwili ulishajipanga na dawa, sasa umenyang'anywa kwa siku moja. Ndiyo maana dozi hupunguzwa kidogo kidogo, daktari akiangalia. Wengi huendelea nazo miezi 6 hadi 12 baada ya kupata nafuu, kisha huziacha. Wengine huzihitaji zaidi, kama mwenye presha.

"Nimemeza siku tano, sijaona kitu." Hutaona. Huchukua wiki 2 hadi 6, na maudhi hutangulia nafuu. Wiki ya kwanza kichefuchefu kilinishika hata harufu ya samaki wa kupaka ikanishinda. Kikapita. Kwa walio chini ya miaka 25 wiki hizo zinataka jicho la karibu, kwa sababu wachache hujiwa na mawazo ya kujidhuru. Likitokea hilo, mtu arudi kwa daktari siku hiyohiyo.

"Hilo ni jini, au imani haba." Mara ya kwanza ilinikuta katikati ya kivuko cha Likoni. Moyo ulienda mbio, vidole vikafa ganzi, jasho jembamba likanitoka, nikashika chuma cha feri nikipiga shahada kwa kuwa niliamini nakufa. Mama mmoja asiyenijua akanivulia leso yake akanipepea mpaka ng'ambo. Moyo ulipopimwa ulikuwa mzima. Nikapimwa na tezi ya shingo, maana ikifanya kazi kupita kiasi huleta hali kama hiyo, na nikaulizwa kama natafuna miraa au muguka, ambazo huuchochea moyo. Baada ya hapo ndipo nikaambiwa ni ugonjwa wa wasiwasi.

Nilisomewa pia, na kombe, maji yaliyooshewa aya za Qurani, nikanywa, na sijutii. Qurani hunituliza mpaka leo. Ila aliyekuwa akinisomea ndiye aliyesema nisiache vidonge, akanikumbusha hadithi ya Mtume tuliyofunzwa madrasa: jitibuni, kwani hakuna maradhi ila yameteremshiwa dawa.

"Ni za wendawazimu." Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 301 duniani walikuwa na ugonjwa wa wasiwasi. Wengi wao wako makazini na majikoni, na wapo wanaopona kwa ushauri nasaha peke yake, bila kidonge. Hata wanaofika kliniki ya akili, wengi huandikiwa dawa wakarudi nyumbani kupika.

Jambo moja linaniuma kila mwaka. Nimewaona wawili walioacha dawa siku mwezi wa Ramadhani ulipoandama, kwa kudhani saumu na vidonge haviendi pamoja, na kabla ya kumi la kwanza kwisha hawakuweza kusimama kwa tarawehe kwa kizunguzungu. Dawa nyingi kati ya hizi humezwa mara moja kwa siku, na saa yake huweza kuhamishwa hadi futari au daku. Muulize daktari mapema, Shaabani ingalipo.