Madini yaliyofungwa udongoni: kwa nini mchungwa hupata manjano

Mchungwa unaweza kukosa chuma hali umepandwa kwenye udongo wenye chuma tele. Madini kuwemo ardhini ni jambo moja, mizizi kuyapata ni jingine: mti hunyonya yale tu yaliyoyeyuka kwenye maji ya udongo.

Kinachoamua zaidi ni pH, kipimo cha uchachu wa udongo: namba ikishuka, uchachu huzidi. Michungwa na milimau hupenda pH ya 6 hadi 6.5 hivi. Ikipita 7.5, chuma, zinki na manganizi hubaki ardhini bila kuyeyuka. Hiyo ndiyo taabu ya maweni ya pwani na Unguja, ambako mwamba wa matumbawe huujaza udongo chokaa. Kwenye udongo mwekundu unaooshwa na mvua nyingi shida ni kinyume chake: pH hushuka, magnesiamu na kalsiamu zikaadimika.

Majani yatakuambia kinachokosekana. Magnesiamu huhama ndani ya mti. Ikipungua, mti huitoa kwenye majani ya zamani na kuyapelekea machipukizi. Kwa hiyo majani ya zamani hutangulia kupauka, yakibakiza kijani upande wa kikonyo, mfano wa V iliyopinduliwa. Chuma na zinki hazihami kirahisi, basi huumia majani machanga: chuma kikikosekana jani huwa manjano na mishipa yake ikabaki kijani, zinki ikikosekana, majani hudumaa yakawa membamba. Ila tazama pande mbili za uti wa jani. Upungufu huchora sawasawa kote kuwili. Mabaka yasiyolingana yakutie shaka ya ugonjwa wa bakteria unaoenezwa na wadudu wafyonzaji, na huo hauna mbolea ya kuuponya.

Wingi nao hudhuru. Potasiamu ikizidi huzuia mizizi kunyonya magnesiamu, na machungwa huwa na ganda nene. Majivu yana potasiamu na hupandisha pH, kwa hiyo huufaa udongo mchachu. Kwenye maweni nisingeyamwaga shinani hata kidogo.

Zinki na manganizi hunyunyizwa majanini. Chuma ni kigumu zaidi: salfeti yake, yaani chumvi ya chuma, ikimwagwa kwenye udongo wa chokaa hufungwa upya upesi. Huko hutumika chuma cha kileti, kilichozungukwa na molekuli inayokikinga, tena chenye molekuli iitwayo EDDHA, kwa sababu molekuli nyingine, EDTA, hukiachia chuma pH ikiwa juu.